Komando na Kile Kipaka

Jumatatu, 3 Februari 2025
Aibu! Mzee Abdalah, mwenye ghala la maharage hapa Kasulu, alikuja kumkagua mbwa wangu Komando. Nilishamsifia mno: mkali, hana masihara, mwizi akimwona anajikojolea. Kazi ya ulinzi ingekuwa yetu wote, mbwa na mimi. Tukamkuta amelala chali uani, na kile kipaka binti yangu Benita alichokiokota mtaroni kinamnyonya sikio. Mzee Abdalah akaniuliza kama mbwa mwenyewe yuko ndani. Kazi kapewa jirani yangu Nurudini, ambaye hana mbwa kabisa. Ana filimbi.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata ufumbuzi. Kipaka kiondoke, Komando arudie ukali wake, Nurudini atimuliwe. Benita akiwa shule na mke wangu Laurentine sokoni, nikakitia kipaka kikapuni, nikapanda basi la Kibondo, nikakipeleka Kumsenga kwa dada yangu Esperance. Akafurahi, panya wamemshinda. Njia nzima kililia. Abiria walinitazama kama mwizi wa watoto. Nyumbani nikasema kimetoroka. Benita amelala bila kula. Najipa moyo: watoto husahau.

Jumatano, 5 Februari
Mtoto hajasahau. Mbwa ndiyo kabisa! Hagusi ugali, hata wenye mchuzi wa dagaa. Katafuta nyuma ya choo, kwenye kuni, chini ya kitanda. Mwisho akakikuta kikapu. Akakinusa, akanusa mikono yangu, akanitazama. Hata mama mkwe hajawahi kunitazama hivyo. Nikamwambia Laurentine mbwa ana minyoo.
"Baba Benita, mbona unatetemeka?"
Nikasema malaria.

Alhamisi, 6 Februari
Komando hayupo! Tumemtafuta mvuani, Benita akiita mpaka sauti ikakauka. Mtu wa bodaboda akatuambia yuko stendi, pale linapopakia basi la Kibondo. Tukamkuta kajilaza topeni. Basi likiingia anainua kichwa. Abiria wakiisha kushuka, anakilaza. Nikamvuta, hakunyanyuka. Nikamsihi, bure. Muuza ndizi alikuwa anafuta machozi, watu wanapiga picha. Laurentine akanigeukia.
"Ulikipeleka wapi?"
Malaria haikunisaidia tena. Nikasema yote. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alivua kitenge chake cha juu, akamfunika Komando. Benita aliniangalia tu, kisha akahamia upande wa pili wa mbwa.

Ijumaa, 7 Februari
Kumsenga tena. Esperance hakutaka kukitoa. Alisema kipaka kina akili kuliko mimi mdogo wake. Nikapiga magoti mbele ya watoto wake, nikapewa. Kikanikojolea ndani ya koti, tena si mara moja. Kufika stendi, basi likaingia, Komando bado yuko pale pale topeni, na hakuinua kichwa. Nikajua nimechelewa. Nikakiweka kipaka chini. Kikampanda shingoni, kikatafuta sikio, kikaanza kunyonya. Halafu mkia ukapiga tope, taratibu. Ukapiga tena. Nimelia mbele ya stendi nzima, Nurudini akiwemo.

Jumapili, 9 Februari
Komando anakula. Benita anacheka, ila si na mimi. Laurentine neno lake kwangu ni moja: "Chakula hicho." Nyumba nzima wameniona sina utu. Labda kweli.
Lakini leo kanisani, padri akihubiri, nikawaza: watu walilia! Wageni, hata jina la mbwa hawalijui! Kuanzia Nyarugusu mpaka Kigoma mjini, nani asingekuja kumwona mbwa mwenye huzuni ile? Ningeweka mabenchi na turubai, nitoze kiingilio. Tatizo, sasa Komando ana furaha, na mbwa mwenye furaha hamlizi mtu.
Itabidi kipaka nikifiche. Kidogo tu, siku za gulio. Boksi nimeshalitoboa matundu ya hewa.