Kisanduku cha Kusafisha Sauti

Lundi, tarehe 5 juin 2023

Jana mu confession padri aliniambia: Stanislas, zambi zako ziko fupi fupi lakini ziko mingi, unazisahau mbele ya kufika hapa. Uziandike kila magaribi. Basi naandika.

Zambi ya leo: wivu. Juu ya Télesphore, jirani. Iko na bafle mbili, spika za muziki, zenye kumupita urefu. Mimi niko na bafle moja na ordinateur, kompyuta ya zamani, na ile ordinateur inapiga shhhh chini ya kila wimbo. Ku fête ya shirika yetu, shhhh ilikuwa na nguvu mpaka bamama bawili balikimbia kuanua nguo. Balifikiri ni mvula. Jua lilikuwa kali.

Samedi ni dot, sherehe ya mahari, ya Emmanuella, binti ya Maman Laurette, dada mukubwa wa bibi yangu Francine. Laurette alitaka kumupa Télesphore muziki. Francine akakatala. Akasema mbele ya bamama bote: bwana yangu njo atapiga, na kama inafanya shhhh tena, mimi sitafungua tena kinywa mu hii famille.

Francine bila kufungua kinywa. Niliwaza kidogo. Nilitaka kufuta hii sentensi, lakini padri alisema nisifute kitu.

Mardi, tarehe 6

Nimepata dawa. Yunus, mwenye duka ya vitu vya umeme pale Kadutu, alinionyesha kisanduku kidogo kama kiberiti. Convertisseur. Unachomeka upande moja mu ordinateur, pale penye unachomekaka flash, upande ingine ku bafle. Alisema shhhh inatoka mu tumbo ya ordinateur, mule mwenye vyuma vyote vinapiga kelele. Kisanduku kinabeba muziki inje mbele haijachafuka.

Bei rahisi, kwa mwenye kuwa na kitu. Mimi sikuwa na kitu. Tukabadilishana. Nilimuachia pasi ya Francine.

Magaribi Francine alitafuta pasi. Nilisema labda dada yake aliibeba. Zambi: uongo. Tena uongo juu ya Laurette. Sijui kama ile inahesabiwa mara mbili.

Mercredi, tarehe 7

Nimejaribu. Shhhh hakuna! Nilizima, nikawasha tena. Hakuna. Gitaa inasikika mpaka unajua mwenye kuipiga iko na kucha ndefu. Shida ni kwamba uchafu wote nayo inasikika. Nyimbo zangu nilikopisha ku kibanda, na katikati ya wimbo wa ndoa mutu anataja namba ya telefone ya kibanda. Zamani shhhh ilikuwa inamufunika.

Nikapiga cassette ya zamani ya chorale, ile balituwekea ku ordinateur. Francine akaingia na sufuria mukononi, akasimama. Alisikia sauti yake ya usichana, pale nyuma kabisa. Akasema: kumbe na mimi niko mule. Alibakia amesimama mpaka wimbo ukaisha. Ilikuwa saa ya kumuambia habari ya pasi. Sikumuambia.

Kisha nilizima bafle, nikachomeka écouteurs zangu za masikio mu tundu yake ya siku zote, ku ordinateur. Kimya. Zimekufa. Nimechukua za binti yetu Noëlla. Sikuzijaribu, ziko mupya.

Jeudi, tarehe 8

Tonton Déogratias amefika na boti ya Idjwi. Ni yeye mukubwa ku upande wa bwana-arusi, na ni yeye atachagua nani atapiga muziki siku ya ndoa ya kanisa. Télesphore alishamupelekea bière. Mimi nilimupelekea akili.

Ku dot, mabinti batano banaingia bamefunikwa na pagne, vitenge, kichwa mpaka miguu. Batu ba bwana-arusi baonyeshe bibi-arusi ni wapi. Bakikosea, amende, ni kusema faini: mbuzi ya bamama. Laurette iko nangojea ile mbuzi tangu Pasaka. Nikamuambia Déogratias: wewe unipe muziki ya ndoa, mimi nitakutumia alama ku WhatsApp, hamutakosea. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema mimi ni mukwe wa hatari. Niliitika kama sifa.

Telefone yangu kioo kimepasuka, WhatsApp naifungulia ku ordinateur. Haina shida.

Vendredi, tarehe 9

Francine alienda kunyoosha pagne yake kwa Télesphore, juu pasi yetu haionekane. Alirudia na pagne imenyooka vizuri na habari: Télesphore anasema kisanduku changu ni kitu ya kuchezea batoto. Anasema muziki inatoka mu bafle kubwa, haitoke mu kiberiti.

Leo siandike zaidi. Niko na kasirani.

Samedi, tarehe 10

Muziki ilianza safi. Bamama balicheza. Laurette mwenyewe alikuja karibu na bafle, akatega sikio, akatafuta shhhh, akaikosa. Akamuambia Francine: bon, nimekubali. Francine akaniangalia vile hajaniangalia siku mingi. Ningeachia pale.

Asubuhi nilikuwa nimesikia ku jikoni namna mabinti batasimama. Nikamutumia Déogratias ujumbe wa sauti: wa pili kutoka mulango. Aliupata bakingali inje, bakingojea tubafungulie. Bakaingia, bakakaa. Mabinti nabo bakaingia, bamefunikwa. Nikanyamazisha muziki ili porte-parole, musemaji wetu, aseme. Pale njo niliona ku ordinateur: Déogratias alijibu kwa sauti. Labda hakuelewa. Nikachomeka écouteurs za Noëlla, nikaziingiza mu masikio, nikabonyeza.

Mu masikio, kimya. Ku bafle, Déogratias.

Alisema: mukwe wangu Stanislas, umesema wa pili kutoka mulango? Rudilia, huku inje makelele ni mingi. Na usiogope, ndoa ni yako, ule Télesphore tutakunywa bière yake na muziki hatumupe.

Shhhh hata kidogo. Batu balisikia mpaka mate yenye Déogratias alimeza.

Kumbe ukishachomeka kisanduku, sauti yote ya ordinateur inapita pale. Tundu ya écouteurs inabakia pambo. Écouteurs zangu hazikufaka.

Déogratias aliangalia dari. Wa pili kutoka mulango alianza kucheka chini ya pagne, pagne yote ikatetemeka, basi hata mwenye hakusikia akajua. Bwana-arusi akaenda kumushika mukono bila kukosea. Mbuzi ya Laurette ikapotea.

Porte-parole wetu akasema: amende ni ya Stanislas. Upande wa bwana-arusi bakaitika. Ni kitu ya kwanza pande zote mbili zilisikilizana leo.

Laurette akaanza kumusemea Francine maneno. Francine akamungojea amalize, kisha akamuuliza: lakini shhhh, mulisikia shhhh? Aliondoka bila kuningojea.

Dimanche, tarehe 11

Confession. Padri alikohoa mara mingi nyuma ya kitambaa. Nafikiri ilikuwa kucheka. Penitence: kuomba Francine pole, kuomba Laurette, kuomba Télesphore pia. Na kusema habari ya pasi.

Nimesema habari ya pasi. Francine aliniangalia, akamuambia Noëlla: umuambie papa yako chakula iko ku meza. Niko ku meza. Noëlla iko kule, Francine iko huku mbele yangu, na maneno inazungukia kwa mutoto.

Mbuzi nimetoa. Laurette alipokea pole yangu akiwa anatafuna. Déogratias anasema hanijue. Ndoa amemupa Télesphore.

Mardi, tarehe 13

Nimeenda kwa Télesphore. Nimeomba pole, kwa kweli, na kofia mukononi. Amenikalisha karibu na ordinateur yake, WhatsApp yake iko wazi mule, amenipa fanta. Kisha, macho chini, akanieleza kwamba ordinateur yake nayo inapiga shhhh, na mu bafle kubwa shhhh inakuwa kubwa. Je, naweza kumuazima kisanduku kwa siku ya ndoa?

Nimemupa. Bure. Nilirudia nyumbani nikiwa mutu mupya. Francine aliposikia akaniambia mwenyewe, bila kupitia kwa Noëlla: pale umefanya vizuri, Papa Noëlla. Nilitaka kulia.

Nilikuwa nimemuuliza Télesphore kama anajua kukitumikisha. Alinicheka. Alisema yeye si mutu wa kuchomeka écouteurs vibaya mbele ya bakwe, yeye atazichomeka mpaka mwisho. Nikasema ndiyo, mukubwa. Sikuongeza neno. Kunyamaza si uongo.

Sasa nimeketi, nimeandaa ujumbe wa sauti wa kumutumia siku ya ndoa, mu sauti ya upole: Bandugu, hii muziki safi munasikia inatoka mu kisanduku ya Papa Stanislas. Ku fête zenu muite Stanislas, musisumbuke na Télesphore. Padri hawezi kuita ile zambi. Ni publicité, tangazo tu.

Chini yake nitamuandikia: Siri kubwa. Sikiliza peke yako.