Rangi ya Panda na Kastori

Jumanne, 8 Juni 1976

Bahati imenifuata mpaka nyuma ya bucha, ninaposhonea mimi na nzi wangu! Mwalimu Mukabalisa wa shule moja ya Kiyovu anataka mavazi ya wanyama kwa mchezo wa watoto. Wageni ni Wachina wanaojenga barabara na mapadri wa Kanada, na kila upande utaonyeshwa mnyama wa kwao: panda wa Uchina, kastori wa Kanada. Mimi na fundi mwenzangu Munyakazi tutashona kila mtu jozi yake. Bi Swafiya, mwenye duka la vitambaa, ameahidi kuwa mshindi ataweka cherehani kwenye baraza lake. Kivuli! Wateja! Na nishindane na Munyakazi, asiyekata kola mpaka apime mara tatu!

Jumatano, 9 Juni

Mwalimu kaleta picha. Nyeusi na nyeupe! Panda amekaa kitako kama mtu aliyeshiba, anatafuna mianzi. Kastori ana mkia bapa na meno ya kuangushia miti. Mwalimu anasema hujenga nyumba majini. Wote wawili hula mimea tu, ila mmoja anakula amekaa, mwingine anafanya kazi kwanza. Yupi mwerevu? Kichwa kinauma. Nikauliza rangi. Kastori hamjui, panda eti ni kama kwenye picha. Kama kwenye picha! Hata gauni la njano la mke wangu Mukandekezi ni jeupe kwenye picha ya harusi.

Ijumaa, 11 Juni

Nimepata jibu nikitoka msikitini. Mnyama huchukua rangi ya chakula chake. Kiwavi wa kabichi si kijani? Panda anakula mianzi kutwa, basi ni kijani. Kastori anakula maganda ya miti, basi ni kahawia. Mukandekezi akauliza mbona ng'ombe si kijani. Nikamwambia ng'ombe ni habari nyingine.

Nimechungulia kwa Munyakazi. Panda mweusi na mweupe, kastori kijivu. Kanakili picha, maskini!

Jumamosi, 12 Juni

Siku ya majaribio. Mtoto alivaa panda wangu, wenzake wakapiga kelele kuwa ni chura. Mhandisi mmoja Mchina akamtazama, akavua kofia, akaketi chini. Sikujua anacheka au anaomboleza. Kisha padri akamwona kastori wangu, akapiga makofi. Rangi yenyewe hasa, akasema! Wa Munyakazi alimwita panya. Mwalimu akachukua panda wa Munyakazi na kastori wangu. Sasa nimeshinda au nimeshindwa? Nimemuuliza Mukandekezi, naye hajui.

Jumapili, 13 Juni

Bi Swafiya katuita wote wawili. Baraza lina nafasi ya cherehani moja tu. Akamuuliza Munyakazi kwa nini kastori wake ni kijivu. Akajibu kwamba hakujua, na kwamba angemuuliza padri kwanza. Mtu mzima, anakiri mbele za watu!

Zamu yangu. Nilijuaje kuwa kastori ni kahawia? Nikaeleza elimu yangu yote, kuanzia kiwavi. Nikaongeza kuwa panda wa kijani ndiye sahihi, na yule Mchina amekaa ugenini mpaka amesahau vya kwao. Munyakazi akawa anatazama viatu vyake.

"Nzeyimana, mwanangu," akasema Bi Swafiya, "ungesema tu ulibahatisha, ningekupa baraza leo hii."

Roho imeniuma sana. Mpaka sasa inauma.

Jumatatu, 14 Juni

Nyuma ya bucha tena. Cherehani ya Munyakazi inasikika kutoka barazani mpaka huku. Nimelia kidogo, nikasingizia moshi. Mukandekezi ananisihi niende kwa Bi Swafiya, nikiri kosa, labda atanitafutia hata kona. Nimemkubalia. Mtu lazima ajirekebishe.

Ila kwanza, kesho asubuhi, nitachukua basi la Kabuga nimpeleke panda wangu kwenye kambi ya Wachina. Nitawaeleza taratibu, bila kuwaaibisha, rangi ya kweli ya mnyama wao. Wakishaelewa, nitakwenda kwa Bi Swafiya kama nilivyoahidi, naye ataniomba radhi.