Mgambo wa Jiji wa Acocks Green

Jumamosi, 8 Mei 2004
Siku njema! Maktaba ya Acocks Green, mtaani kwetu huku ughaibuni, inagawa vitabu vikuukuu bure. Nimeokota kimoja kizito: picha za mgambo wa miji ya Amerika, karne ya kumi na tisa. Wauza nyama na makarani wa kawaida! Wiki ikiisha wanavaa kofia za manyoya ya dubu na vifungo vinavyong'aa, wanapiga gwaride mjini, kisha karamu. Mimi, Idarous, mpakia mizigo wa Nechells, nimejiona kati yao. Jumamosi ijayo ni siku ya utamaduni ya chama chetu cha Waswahili. Kila mwaka katibu, Ishaka, anatundika kanga zilezile nne. Mwaka huu basi! Nitatundika picha hizi, niunde kikosi, niwe kamanda. Uchaguzi ukifika, ukatibu nitauchukua kilaini.

Jumapili, 9 Mei
Nimeieleza kamati. Nilipotamka "mgambo wa jiji", mwenyekiti wetu, Bi Mwanakhamis, akaweka kikombe chini. Zamani pale Kariakoo mgambo walimpokonya sinia zima la vitumbua, akiwa na mimba ya miezi saba. Nikasema hawa ni wengine, hata sare walijinunulia.
"Na hiyo karamu," akauliza, "walikula cha nani?"
Ishaka akacheka mpaka akapaliwa. Sikati tamaa.

Jumanne, 11 Mei
Nimebadili jina: Kikosi cha Heshima. Wamejiunga watatu: Kamau, nesi wa Kikenya, Léopold, Mkongo, na Jagjit wa ghalani kwetu, kwa ajili ya masharubu yake. Kosa langu: nimewasomea kwamba mgambo wale walichagua maofisa wao kwa kura. Léopold akasema yeye ni colonel, c'est tout, yaani kanali na basi. Kamau akasema chini ya meja haingii. Jagjit anataka upanga tu. Hakuna kuruta hata mmoja! Nimewapa wote vyeo, nikajipandisha jenerali.

Alhamisi, 13 Mei
Kofia zimepatikana. Zulia jeusi la manyoya la bafuni, mkasi, gundi. Zimetoka nne, safi kabisa. Mke wangu Asmahan ameingia bafuni, akatoka nyayo zimelowa. Hakugomba. Hilo ndilo linalonitisha. Kachukua mto wake, kahamia chumba cha wageni.

Jumamosi, 15 Mei
Picha ukutani, kofia kichwani, kikosi nje ya ukumbi. Nikaamuru: mbele, tembea! Mlango ukafunguka, uso kwa uso na Bi Mwanakhamis, kashika sinia la vitumbua. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Hakucheka mtu, hata Ishaka.
Nikavua kofia. Nikamwomba radhi, nikasema sikufikiri. Ni kweli, sikufikiri.
Akatazama picha moja: gwaride linapita, pembeni mwanamke na kikapu cha machungwa. Akauliza huyu walimfanya nini. Nikasema kitabu hakisemi.
Akanikabidhi sinia. "Haya, mgambo. Leo mtabeba pale ninapowaambia. Na kikipungua kimoja, nawajua kwa majina."
Tukabeba masinia kumi na moja. Tukapanga meza, tukaosha vyombo. Asmahan alicheka, nilimwona.
Kisha Kamau akadai kamanda apigiwe kura, kama kitabuni. Bi Mwanakhamis: kura tatu. Mimi: moja, na najua ilikotoka. Ishaka akatupiga picha. Wote wametulia kama sanamu, kamanda katikati, kavaa kofia yangu. Mimi ni ukungu tu upande wa kulia. Nilikuwa nakwenda kudai kura zihesabiwe upya.

Jumapili, 16 Mei
Nimetafakari sana, usiku na mchana. Kosa lilikuwa moja tu: tulikwenda kwa miguu. Ukurasa wa themanini kuna mgambo wa farasi, na hao wana kamanda wao peke yao! Mjomba wake Jagjit, kule Great Barr, ana farasi mweupe wa kubebea mabwana harusi. Mpole, anasema. Jumamosi ni uchaguzi wa chama. Sijawahi kupanda hata punda, lakini siku sita zinatosha. Mlango wa ukumbi nimeupima: farasi anapita. Mimi nitainama.