Mablanketi kwenye Ngazi za Dada Tolliver

Jumatatu, 5 Machi 1956. Harlem.

Dada yangu Ozella, uliniambia niandike kila siku, daftari likijaa nikutumie. Haya. Salamu kwako, kwa shemeji Rufus na goti lake, kwa Shangazi Lovie, kwa mapacha, hata kwa yule nyumbu. Huku Hosea wangu hajambo. Ernestine hajambo, jino limetoka. Lem mwanangu hajambo, ila hali chakula. Jumamosi kundi lake, Kwale, wanakwenda kuimba mbele ya Bwana Rudnick, yule mtoa santuri. Na Korongo pia wanakwenda, kundi la Cornell wa Dada Tolliver, jirani yetu. Kundi moja tu litachukuliwa! Lem kasema akikosa anaacha kuimba, anakwenda kubeba magunia bandarini. Mtoto mwenye sauti ile! Nimemsihi mpaka nimeunguza maharage.

Jumanne

Vijana wa huku huimba kwenye ngazi za nyumba. Kuta zinarudisha sauti, watano wanakuwa ishirini. Ngazi za kina Tolliver zinarudisha kuliko zetu, na mwenyewe hanyamazi: "Kwetu kama kanisa, Dada Maybelle. Kwenu kama kabati." Kabati!

Nimepata shauri. Blanketi humeza mwangwi. Nimebeba mablanketi yangu sita ya viraka, nimeyatundika ngazini kwake juu mpaka chini. Nimemwambia nayaanika, paa letu limejaa njiwa. Kaniuliza kwani kwetu hakuna kamba. Nikakohoa.

Alhamisi

Ushindi! Korongo wanasikika kama watu wanaoimba ndani ya gunia la unga. Kila kosa liko wazi. Cornell karudia mstari mmoja mara ishirini. Nimecheka. Kisha roho ikaniuma, nikampelekea pai ya viazi vitamu. Mwembamba mno yule mtoto.

Kwetu nimeondoa matambara yote ya kufutia miguu, nimesugua ngazi zikang'aa. Kwale sasa ni malaika hamsini! Msimamizi wa nyumba kateleza, kakaa kitako. Lakini hapohapo chini kakiri kwamba wanaimba vizuri.

Jumamosi

Ee Bwana wangu. Ofisi ya Bwana Rudnick ina zulia la kuzamisha miguu! Mapazia! Viti vya mahameli! Lem kafungua mdomo, sauti ikaanguka kama soksi mbichi. Wenzake wakageuka kuitafuta. Korongo wao wakaimba kama wako nyumbani. Si wamezoea! Kila mmoja anamsikia mwenzake. Bwana Rudnick akafumba macho. Kawachukua.

Tukapanda treni kurudi. Nikameza machozi mpaka mtaani kwetu. Hapo mlangoni Cornell akamshika bega: "Njoo kwetu, bwana, uimbe na mablanketi ya mama'ko. Pale hujidanganyi."

Na kumbe santuri ina pande mbili! Upande wa pili haujapata mwenyewe. Bwana Rudnick atasikiliza tena Jumamosi ijayo, Korongo na Kwale. Lem kala sahani tatu. Habari ya magunia haitaji tena.

Jumapili

Kanisani Dada Tolliver kasimama, kanishukuru mbele ya watu wote. Eti mablanketi yangu yamewafundisha vijana wake kuimba. Kanikumbatia, kalia. Na mimi nimelia. Mtu mwema yule, sikujua. Mchungaji kasema nina moyo wa kutoa.

Mchana, kwa shukrani, nimerudi kwake na ndoo. Mablanketi nimeyaondoa yote. Ngazi nimezisugua mpaka unajiona uso. Matambara yake ya miguu nimeyachukua nimfulie, na hayatakauka kabla ya Jumamosi. Ukikohoa pale sasa, vinajibu vikohozi arobaini! Wacha Korongo wajifurahishe.

Mablanketi nimeyatundika kwetu. Lem kaniuliza nafanya nini. Nimemwambia naanika. Sita hayatoshi, Dada. Daftari halijajaa lakini kesho nalituma hivihivi. Yale mazito ya marehemu Mama, ya baridi, bado yako sandukuni mwako? Yafunge yote uyatume. Na unijibu upesi, dada yangu, Jumatano isipite.