Vijiko Viwili vya Chumvi kwenye Ndoo ya Profesa

Jumatatu, tarehe 4
Mpekuzi wangu, wewe unayesoma madaftari ya watu, karibu! Shangazi, mwenye duka la kufua nguo, katangaza shindano la Ijumaa hii. Ni mimi dhidi ya binamu yangu, tunamwita Profesa. Atakayeng'arisha kola kumi kwa sabuni kidogo zaidi ndiye mtengeneza sabuni wa duka. Atakayeshindwa atafua soksi za timu ya mpira. Timu nzima! Nimezinusa. Lazima nishinde.

Jumanne, tarehe 5
Profesa ana kidude cha kupima maji yanavyopitisha umeme. Anadondosha sabuni majini, anaandika namba. Zinapanda mbio, halafu ghafla zinapanda kivivu. Eti hapo namba zinapokata kona, chembe za sabuni zimeanza kukumbatiana vikundi vikundi, tayari kubeba mafuta. Nikamwambia sabuni haina mapenzi. Akaniita debe tupu. Mimi!

Jumatano, tarehe 6
Nani asiyejua chumvi na sabuni haziivi chungu kimoja? Profesa alipokwenda kuoga, nikamtilia vijiko viwili kwenye ndoo yake ya sabuni. Nikatoka napiga mluzi. Kwisha habari yake!

Alhamisi, tarehe 7
Balaa. Sabuni yake imekuwa nzito kama asali! Namba ziliruka juu, akajua kuna chumvi, akapima upya. Kona ikaja mapema! Eti chumvi inazituliza chembe zisisukumane, basi zinashikana hata sabuni ikiwa kidogo. Akamshukuru Shangazi, akidhani ni yeye. Na Shangazi akapokea shukrani, macho makavu!
Sawa. Vijiko viwili vimeleta asali, kilo mbili je? Nimemwaga zote kwenye ndoo yangu.

Ijumaa, tarehe 8
Yangu imekatika. Maji chini, mabonge juu. Shangazi akauliza hii ni ya kufulia au ya kupaka mkate. Wateja hoi kwa kicheko. Profesa kamaliza kola kumi na sabuni ikabaki. Akaniambia polepole, chumvi ina kipimo, ndugu yangu, ikizidi inaifukuza sabuni itoke majini. Wivu huo!

Jumamosi, tarehe 9
Jozi kumi na sita, na kipa huvaa mbili mbili. Nimefikiri sana, pua nimeibana. Kosa langu nimeliona: kilo mbili zilikuwa chache. Beseni la soksi hili hapa. Mfuko wa kilo tano huu hapa. Shangazi katoka. Mpekuzi, ungekuwa wewe, ungemwaga nusu au wote?