Kinanda Kisicho na Kelele

Jamani, leo nimeumbuka, tena nikiwa ndani ya kanzu iliyopigwa pasi!

Nyote mwaijua redio yangu ya kaseti, ile ya kubeba begani. Nikitoka Mtopanga kwenda Likoni, njia nzima ilikuwa ikijua nasikiliza nini. Mzee Athmani, babake Zuhura, alijua pia. Wazee wangu walipopeleka posa akawajibu: "Mwanangu simuozi redio. Nileteeni huyo kijana mwenyewe, nimuone kama ametulia."

Bahati yangu, kaka baharia amerudi na kinanda kidogo cha CD, cha kusikiliza masikioni. Kidogo kama kisahani! Kelele hakuna. Nikajua dawa ya mzee nimeipata.

"Ila usikitikise," kaka akanionya. "Ukikitikisa, wimbo unaruka."

Basi leo nikakilaza juu ya mto mdogo, nikakizungushia taulo jeupe, nikakipakata kwa mikono miwili. Waya nikaupitisha ndani ya kanzu ukatokea shingoni. Kofia nikaishusha hadi masikioni ifiche vile vidude (nilipendeza, msibishe).

Kwenye feri nikasimama kichwa chini, nisitikisike. Wimbo ulikuwa wa mapenzi. Nikamkumbuka Zuhura, macho yakalowa. Mama mmoja akanitazama, naye akajifuta machozi kwa leso. Nikasema moyoni, huyu mama kweli ayajua mapenzi!

Kushuka Likoni nikatembea polepole. Wanaume wakawa wanatoka madukani, wananifuata nyuma. Nikadhani wanakwenda msikitini. Mzee mmoja akanigusa bega, midomo ikacheza. Sikusikia neno, lakini ataniuliza nini kama si hali? Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu. (Baadaye nimeambiwa aliuliza: "Ni mwanao?")

Mlangoni kwa Mzee Athmani, yule mzee aliyenigusa bega akaninyooshea mikono, akanipokea mzigo. Waya ukavutika, kofia ikaanguka, masikio yangu yakafunguka.

Sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya Mzee Athmani: "Kumbe una mtoto, nawe waja kuniposea mwanangu!"

Ya pili ilitoka nyuma yangu: "Subhanallah! Maiti ana waya!"

Nikageuka. Mtaa mzima umesimama nyuma yangu, tayari kwenda makaburini! Walidhani nimebeba maiti ya mtoto mchanga, na kwetu janaza haipiti watu wakabaki wamekaa.

Taulo likafunguliwa. CD bado inazunguka. Nilitamani ardhi inimeze, na mto wangu.

Mzee Athmani akakitazama kile kidude, akavitia vile vidude masikioni. Tukangoja. Mara nikaona kidole chake gumba kinacheza ndani ya ndara.

"NA NYINYI HUKO HAMSIKII KITU?" akauliza kwa kelele, ndege wakaruka juu ya bati.

Tukatikisa vichwa.

"BASI AMETULIA!"

Yule mzee aliyenipokea akasema, "Sisi tushatia udhu, wallahi haturudi bure. Isomwe Fatiha." Ikasomwa, ya posa. Nyuma ya pazia nikamsikia Zuhura anacheka hadi anakosa pumzi. Ikaletwa kahawa na halwa, na waliokuja kuzika ndio waliokula zaidi.

Mchumba nimepata, alhamdulillahi. Kinanda nimekiacha masikioni mwa mkwe, maana nilipomuaga hakunisikia.

Na atakayecheka, simwaliki harusini.