Wastani wa Nyuzi Ishirini na Nne

Jumatatu, 20 Mei

Nimekabidhiwa safari. Mimi, si mwanyumba wangu. Mama Mkwe ametamka mbele ya wote kwamba mwalimu wa hesabu ndiye apange, maana ana kichwa. Mwanyumba, yule muuza bima aliyemwoa dada wa mke wangu, akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole. Raha iliyoje. Ilidumu mpaka nilipofika chumbani.

Maana jambo lenyewe si mchezo. Dada yake Mama Mkwe, tunayemwita Mama Mkubwa, anaishi mlimani, na macho yake yanazimika. Daktari kasema hayatavuka kiangazi. Mama Mkwe anataka dada yake amwone uso wakati bado anaweza. Basi, hataki kingine. Nikiharibu safari hii, nimeharibu hilo.

Jumanne, 21 Mei

Nchi hii mwezi wa Mei haina adabu. Bondeni watu wanaungua, msituni inanyesha bila kupumua, mlimani bado wanaota moto. Na sisi tunapita kote huko kwa siku mbili. Mke wangu kauliza tufunge nguo gani. Nimemwambia asubiri sayansi.

Sayansi imewasili alasiri. Bondeni nyuzi thelathini na nane. Msituni ishirini na saba. Mlimani saba. Jumlisha, gawanya kwa tatu: ishirini na nne. Hali ya hewa ya peponi! Nguo nyepesi, viatu vya wazi. Mvua ipo sehemu moja kati ya tatu, sisi tuko wanne, Mama Mkwe, Mwanyumba, mke wangu na mimi, kwa hiyo tunahitaji mwavuli mmoja na kipande. Kipande nimekisamehe.

Mke wangu kasema hajawahi kusikia mlima wenye nyuzi ishirini na nne mwezi wa Mei. Nimemfafanulia kwamba wastani hauko mahali popote, na hapo ndipo ulipo uzuri wake. Kaenda kuosha vyombo. Vilikuwa vimeshaoshwa.

Alhamisi, 23 Mei

Balaa. Mwanyumba kaja na begi la ukubwa wa ndama. Makoti, blanketi, soksi za sufu. Kasema tahadhari kabla ya hatari. Hiyo ndiyo kazi yake, kuwatisha watu mpaka watie sahihi. Mama Mkwe akalipapasa lile begi, akalisifu. Wastani wangu hajausifu hata siku moja.

Begi hilo likifika mlimani, kila mtu ataonekana na koti, na wastani utaonekana mwongo. Mwakani atapanga yeye, na mwaka unaofuata, mpaka nife. Chakula nimekirudisha jikoni. Mke wangu kauliza kama naumwa. Nimesingizia joto.

Jumamosi, 25 Mei

Tumeondoka kwa gari la Mwanyumba. Wakati wenzangu wanaagana na majirani, nililitoa begi kwenye buti, nikalisukuma nyuma ya tangi la maji. Nilijiambia kwamba najenga hoja, siibi.

Bondeni jua lilikuwa jua kweli. Sote tumevaa vyepesi, Mama Mkwe kasema, mkwe wangu, hesabu zako si mbaya. Nikakaa vizuri kitini. Kisha msitu, na mvua ya kumwaga. Mwavuli kachukua Mama Mkwe, kama inavyostahili. Mimi nimepata kile kipande.

Tumelala nyumba ya wageni, nguo zinachuruzika kwenye viti. Kila Mwanyumba akitaja mlima, nabadilisha mada. Kila akiangalia buti, namuuliza habari za bima.

Jumapili, 26 Mei

Baridi ya mlimani haina huruma. Mwanyumba kafungua buti. Hakuna begi. Kaapa kwamba aliliweka kwa mikono yake. Nimesema huenda limeanguka njiani. Kasema buti lilikuwa limefungwa. Nimesema mabuti ya siku hizi. Mke wangu alinitazama mimi, si buti.

Mama Mkwe midomo ilianza kubadilika rangi. Anatetemeka na kusema si kitu, wanangu, si kitu. Kifua chake sote tunakijua. Hapo niliogopa kweli, na sikuogopa kwa ajili ya wastani. Tumevua vifuniko vya viti vya gari, tukamzungushia vyote. Shati langu tukamfunga kichwani, yakabaki macho. Nikabaki na fulana.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa mlangoni, penye mwanga. Alikaza macho, kisha akauliza huyu mgonjwa mliyenivalishia kiti ni nani. Mama Mkwe akalifungua shati, akavitupa vifuniko, akasimama kwenye upepo ule uso wazi. Mama Mkubwa akamshika mashavu, akamvuta hadi pua zikagusana. Akasema umezeeka, mdogo wangu. Mama Mkwe akamjibu, na wewe je? Wakacheka, wakalia, wakashikana muda wote ule, na hakuna aliyethubutu kuwaambia waingie ndani. Nami nililia. Nikasingizia moshi.

Jumanne, 28 Mei

Tumerudi. Mke wangu kaenda moja kwa moja nyuma ya tangi. Sijui kajuaje, lakini wake hujua. Kaliweka begi katikati ya sebule. Mwanyumba kalifungua, kahesabu makoti yake, na hilo limeniuma zaidi ya matusi. Mama Mkwe alikuwa anakohoa. Kasema dada yake amemwona, mengine atayasamehe kifua kikipona. Nimeomba radhi kwa magoti. Nimeahidi kwamba nimejifunza.

Jumatano, 29 Mei

Kifua kimetulia, namshukuru Mungu. Mama Mkwe anataka kurudi mlimani Desemba. Anasema kama dada hatamwona, atamshika. Safari kampa Mwanyumba. Sina kinyongo. Ni haki yao.

Ila nimekaa, nimefikiri kwa utulivu, na nimeliona kosa. Sikuhesabu joto la ndani ya gari! Huko ndiko tunakokaa kuliko mahali pengine popote. Desemba, basi, ambayo huku ni majira ya baridi: bondeni ishirini na mbili, msituni kumi na nne, mlimani tano chini ya sifuri, ndani ya gari ishirini na tano. Jumlisha, gawanya kwa nne: kumi na nne. Sweta moja nyepesi.

Mwanyumba sitamwambia, ni mbishi. Nimeshampelekea Mama Mkwe ujumbe, asijisumbue na koti.